Fundi Aliyepima Nyumba kwa Kuizunguka

Posa ya bintiye ilipokaribia, shangazi yangu wa Majengo, hapa Mombasa, alimwita fundi wa vigae, naye fundi, kabla hata ya kunywa chai aliyoandaliwa, alichomoa tepu yake akaipima nyumba kwa kuzizunguka kuta za ndani kona hadi kona, akijumlisha kwa sauti. Karatasi aliyomwachia Shangazi ilisema: chumba cha kulala katoni 18, sebule katoni 26, ujia katoni 26. Kila katoni ilikuwa na vigae vinne vya sentimita 50 kwa 50, yaani vya kujaza mita moja ya mraba.

Mimi hufundisha hisabati katika shule ya msingi, na karatasi ile ilininyima usingizi. Sebule ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Eneo lake ni mita 40 za mraba, na hiyo 26 ni mzingo. Nilimweleza fundi kwa adabu kwamba mzingo humfaa anayejenga ua, ilhali mwenye kutandika sakafu huzidisha urefu kwa upana. Alinisikiliza kwa subira, kisha akanipeleka katika chumba cha kulala alichokwisha kukimaliza, chenye mita 6 kwa 3, ambamo katoni zote 18 zilikuwa zimeingia bila kigae kubaki wala kupungua. Ole wangu! Katika mistatili yote ambayo pande zake ni mita kamili, ni miwili tu ambayo hesabu ya mzingo hulingana na ya eneo, nayo ni huo wa 6 kwa 3 na mraba wa 4 kwa 4.

"Zako ni hesabu za ubaoni, mwanangu," Shangazi akanikatiza. "Mwache mwenzio na zake za sakafuni."

Siku ya posa vigae vya sebule vilikuwa vimekomea karibu mita 3 kabla ya ukuta. Wazee wa upande wa kiume waliketishwa penye vigae, vijana wao penye saruji iliyofunikwa mikeka, na mshenga, aliyekuwa mpakani, aliponyanyuka kusema yaliyomleta, alijikwaa kwenye ukingo wa kigae akaimwagia kahawa kanzu ya mjomba wa mposaji. Posa ilikubaliwa, nadhani kwa huruma.

Nilisubiri kumwona fundi akitahayari. Baadaye mkokoteni ulileta katoni 26 za ujia, ambao una urefu wa mita 12 na upana wa mita moja tu, kwa hiyo zilitumika 12 zikabaki 14. Sebule nayo ilikuwa imepungukiwa na 14 kamili. Fundi alizihamisha, akaliziba pengo lote hadi ukutani, akajipangusa mikono, kisha akaniuliza mbele ya Shangazi ni katoni ngapi zilizopungua. Ilinibidi nijibu kwamba hakuna hata moja.

Shangazi alimwongezea bakshishi na sahani ya biriani, akamsifu kwa jirani yake mwenye duka la mita 10 kwa 10. Fundi amekwisha kumwandikia katoni 40.