Jina limepanda treni, wenyewe wamebaki Marree

Marree iko Australia Kusini, zaidi ya kilomita 600 kaskazini mwa Adelaide. Ukifika utapokelewa na vichwa vya treni vilivyoachwa kwenye stesheni ambayo haijaona abiria kwa miongo kadhaa. Wageni hujipiga picha hapo, kisha huyoo, safari inaendelea. Mimi nilivuka reli.

Ng'ambo ndiko walikokaa wale walioitwa Waafghani, ingawa wengi walitoka Baluchistan na Punjab. Kuanzia miaka ya 1860 waliletwa kwa meli pamoja na ngamia wao, wakabeba unga, sufu na nguzo za simu ya waya katika nyika iliyowashinda farasi. Reli ilipofika, mji ukakatwa vipande viwili: Wazungu huku, wao na Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, kule. Hata makaburini walitenganishwa.

Mtu wa Mombasa hawezi kulisikia hili likampita hivihivi. Wapunjabi waliojenga reli yetu kuanzia 1896 walipanda meli Karachi, bandari ileile walikotoka ngamia wengi wa mwanzo wa Australia. Na mwaka huohuo Bejah Dervish, Mbulushi kama Mabulushi wetu, alikuwa akiongoza ngamia wa msafara wa uchunguzi ulioitwa Calvert kupita jangwa la Great Sandy. Wazungu wawili walikufa kwa kiu. Yeye alitoka hai, akamalizia umri wake Marree, akafariki 1957.

Leo treni ya kifahari inaitwa The Ghan, kifupi cha Afghan. Haipiti tena Marree. Njia yake ilihamishiwa magharibi. Jina lao linauza tiketi, na sheria ya 1903 iliwanyima uraia kwa kuwa ni watu wa Asia! Hilo linaniuma. Ningekuwa na sauti pale, kibao cha kwanza mgeni kukisoma kingekuwa na majina ya wachunga ngamia na ya wake zao Waaborijini, maana wajukuu wao wapo, na historia hii ni yao kuisimulia. Vichwa vya treni vingefuata baadaye.

Msikiti wao, mmoja wa misikiti ya mwanzo kabisa Australia, umejengwa upya kwa mfano tu: kijumba cha udongo na magogo, na birika la kutawadhia mbele yake. Nilitawadha kwa maji ya chupa, nikaswali rakaa mbili. Nilipotoa salamu nikaiona mitende waliyoipanda, ingali imesimama.