Kisonono sugu Dodoma: tukibana maduka ya dawa, mgonjwa atakwenda wapi?

Likitajwa suala la usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wa kwanza kulaumiwa ni muuza duka la dawa. Kwa kisonono lawama hiyo ina msingi. Mwanaume anayeungua akikojoa na kuona usaha hapendi kujieleza mapokezi mbele ya foleni. Anapita dukani Majengo au Chang'ombe, anasema ana "yutiai" (UTI, maambukizi ya njia ya mkojo), anapewa sipro (siprofloksasini) au azuma (azithromaisini), basi. Wenye mamlaka ya kulizuia hilo, yaani Wizara ya Afya, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na Baraza la Famasi, wote makao yao makuu yapo jijini humu humu.

Wanaotaka maduka yabanwe wana historia upande wao. Dawa za salfa zilianza kutibu kisonono miaka ya 1930, zikashindwa. Ikaja penisilini, ikafuata tetrasaiklini, kisha sipro, nazo zikachoka kwa zamu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliiondoa sipro na jamaa zake kwenye mwongozo wa kutibu kisonono kwa sababu usugu ulishaenea mno. Tegemeo lililobaki ni sindano ya seftriaksoni, na hata hiyo imeanza kutikiswa: Japani walikipata kimelea kilichoishinda mwaka 2009, na mwaka 2018 Uingereza ikatangaza mgonjwa ambaye kimelea chake kilikuwa sugu kwa seftriaksoni na azithromaisini kwa pamoja. Shirika hilo linakadiria kwamba mwaka 2020 pekee watu milioni 82 walipata maambukizi mapya ya kisonono.

Kuna jambo jingine ambalo hata wakali wa sheria hawalitaji sana. Kimelea cha kisonono ni hodari wa kuokota vipande vya vinasaba kutoka kwa bakteria wa ukoo wake, na hao ndugu wengi wao wanaishi kooni mwa watu bila kuwadhuru. Kisonono nacho hukaa kooni kwa aliyekipata kwa ngono ya mdomo, mara nyingi bila dalili yoyote. Sasa fikiria kikohozi cha kiangazi, upepo wa Dodoma unapoinua vumbi, na mtu ananunua azuma "ya kifua". Bakteria wa kooni wanaosalia ni wale walioizoea dawa, na siku kisonono kikifika pale kinakuta vinasaba vya usugu vipo tayari kuokotwa. Ndiyo maana kaulimbiu ya "maliza dozi" hainiridhishi kwenye ugonjwa huu. Tiba yake ya sasa ni ya mkupuo mmoja. Tatizo kubwa ni dawa isiyo yake, na dawa iliyotumika pasipohitajika kabisa.

Hata hivyo duka haliwezi kufutwa kwa amri. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu vijijini famasi hazikuwepo, na maduka hayo yaliruhusiwa kuuza baadhi ya antibaiotiki kupitia wauzaji waliopewa mafunzo. Kwa mtu wa kijiji cha ndani huko Bahi au Kondoa, duka ndilo lililo wazi jioni. Ukilifunga, aibu yake haiondoki. Atatafuta vidonge mnadani, au atasubiri. Na kwa mwanaume dalili huweza kupungua zenyewe baada ya wiki kadhaa, akadhani amepona huku anaambukiza.

Halafu tuseme ukweli: zahanati nazo hukisia. Kwa miaka mingi magonjwa ya zinaa yametibiwa kwa kuangalia dalili, bila maabara. Utaratibu huo una heshima yake. Utafiti wa Mwanza wa 1991 hadi 1994 ulionyesha kwamba kuboresha tiba ya namna hiyo katika zahanati na vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Lakini wanawake wengi wenye kisonono hawana dalili, na wenye uchafu ukeni mara nyingi wana tatizo jingine kabisa. Hao wa pili wanakunywa antibaiotiki wasizozihitaji. Wale wa kwanza wanarudi nyumbani bila tiba, wengine wakielekea kwenye ugumba. Kipimo cha kuotesha vimelea, kinachoonyesha dawa gani bado inafanya kazi, kinahitaji maabara ambayo zahanati ya kijiji haina.

Kwa hiyo mimi nabana, ila kwa kuchagua. Ningeanza na azithromaisini: isitoke dukani bila cheti, iwe ya kifua au ya mkojo. Seftriaksoni ibaki sindano ya kituoni. Dawa mpya ya zoliflodasini imeonyesha matokeo mazuri katika majaribio ya watu 930, Afrika Kusini ikiwemo, lakini ni dawa ya kunywa, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Ikifika kwetu na kuwekwa kwenye rafu moja na azuma, haitadumu.

Muuza duka naye apewe kazi badala ya kutishwa tu. Awe na karatasi ya rufaa inayomruhusu mteja kuingia moja kwa moja chumba cha huduma, bila kutaja ugonjwa mapokezi, na ya pili ya kumpa mwenza wake. Leo duka linamtibu mmoja, na mwenza aliyebaki nyumbani hajui kitu.