Nilivyompangia Mwalimu Mkuu Vipindi 28

Kwa miaka mingi ratiba ya shule yetu ya kati ilikaa kwenye karatasi moja kubwa ya manila iliyobandikwa ukutani katika ofisi ya walimu, na kila aliyeitazama kwa mara ya kwanza alidhani ni ramani ya vita. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli, ikafutwa, ikaandikwa tena juu ya kilichofutwa, hata upande wa Alhamisi karatasi ilikuwa imekonda kiasi cha kuonyesha rangi ya ukuta. Mwenye kuiandika alikuwa mwalimu wetu wa taaluma, mzee wa maneno machache, ambaye siku ya kustaafu alinikabidhi penseli, kifutio na maneno mawili tu: "Ukikwama, nipigie."

Sikukwama popote, na hilo ndilo lililoniponza.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na msomaji anisamehe kwa kulitanguliza jambo hilo, kwa maana kiburi changu chote kilianzia hapo. Tuna madarasa matatu, la sita hadi la nane, kila darasa lina mikondo minne, na kila mkondo una vipindi vinane kwa siku, siku tano kwa juma. Ukizidisha unapata vipindi 480. Mtu anayeshinda akiwafundisha watoto milinganyo hawezi kutishwa na namba kama hiyo. Basi katika kikao cha kufunga muhula nilisimama nikatangaza kwamba ratiba itapangwa upya kuanzia sifuri, tena kwa kompyuta, nikaongeza bila kuulizwa na mtu yeyote kwamba nimekwisha kugundua dakika 25 ambazo shule inazipoteza kila siku.

Dakika zenyewe zilikuwa zile tano tano alizoziacha mzee kati ya kipindi na kipindi, mahali pasipo na mapumziko wala chakula cha mchana, ili watu wapate kuhama chumba. Kwangu zilionekana ni uzembe uliopewa kibali. Nilizifuta zote, siku ya shule ikaisha saa nane na dakika 20 badala ya saa tisa kasorobo, na walimu wakanipigia makofi ambayo sijawahi kupigiwa kabla ya siku hiyo wala baada yake. Mwalimu Mkuu, mtu wa suti na tai, ambaye viatu vyake hung'aa hata wakati wa mvua, alisimama kuniunga mkono kwa maneno ambayo sote tulikuja kuyakumbuka: "Ratiba hii ikishabandikwa ni sheria. Asije mtu ofisini kwangu kuomba kubadilishiwa kipindi. Hata mimi nikipangiwa, nitaingia."

Baadaye sana, maji yakiwa yamekwisha kumwagika, mpwa wangu anayesomea mambo ya kompyuta alinieleza kwamba mwaka 1976 wataalamu watatu, Even, Itai na Shamir, walichapisha uthibitisho kuwa kupanga ratiba ya walimu na madarasa, hata kukirahisishwa sana, ni miongoni mwa matatizo ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua kila yanapotokea. Alisema kazi ni nyepesi ikiwa kila mwalimu anapatikana saa zote. Ugumu unaingia pale kila mmoja anapokuwa na saa zake. Nilimjibu kwamba mwalimu wa kupatikana saa zote bado hajazaliwa. Kwetu yupo anayefundisha shule mbili na kuja kwetu Jumatatu na Alhamisi pekee, yupo mwenye mtoto mchanga asiyeweza kufika kipindi cha kwanza, na ipo maabara moja inayogombewa na mikondo 12, ambayo kila mmoja unataka vipindi viwili mfululizo ili majaribio yasikatizwe na kengele. Sasa najua kwamba mzee alikuwa akipambana na haya yote kwa penseli. Wakati ule nilijua tu kwamba mwandiko wake ni mbaya.

Likizo nzima niliimaliza mbele ya kompyuta, nikinakili majina kutoka kwenye manila na kuyaingiza katika jedwali. Mzee hakuandika majina kamili, bali herufi za mwanzo, nami nikaona ni busara kuufuata utaratibu huo. Kulikuwa na herufi M.M. zilizoandikwa mahali pengi, na katika baadhi ya visanduku, pembeni mwa M ya pili, palikuwa na kidoa kidogo cheusi chenye vimiguu. Nilikisogelea, nikakikwangua kwa ukucha, kikatoka kidogo. Nikaamua kwamba ni uchafu wa nzi. Niliona mahali pengine 23 penye uchafu wa namna hiyo, na sikujiuliza hata mara moja ni nzi gani huyo aliyekuwa akituachia alama kwenye vipindi vya elimu ya viungo tu, asiguse somo jingine lolote.

Jedwali lilipokamilika, kompyuta ilinihesabia walimu 22. Mimi nilikumbuka kwamba tuko 23. Mtu mwingine angesimama hapo akatafuta aliyepotea. Mimi, mwalimu wa hisabati, nilitulia, nikafikiri kwa makini, nikafikia uamuzi kwamba aliyepungua ni mzee aliyestaafu, nikaenda kulala. Kwamba nafasi yake ilikwisha kujazwa na mwalimu mpya, ambaye nilikuwa nimemwandika kwa mkono wangu mwenyewe katika mstari wa nne, ni jambo ambalo halikunijia usiku ule. Programu nayo haikuona mgongano wowote. Haikuwa na sababu ya kuuona, maana M.M. alikuwa mtu mmoja na alikuwa mahali pamoja kila saa. Vipindi 28 kwa juma vilikuwa vingi kidogo, lakini nilijisemea kwamba huyo M.M., awaye yote, ni kijana mwenye nguvu.

Jumatatu asubuhi kila mwalimu alikuta karatasi yake binafsi kwenye kijisanduku chake cha barua. Mwalimu wetu wa michezo, ambaye jina lake na la baba yake yote mawili huanza na M, hakukuta karatasi. Kwa muda wa mihula miwili alikuwa ameomba apunguziwe mzigo kwa sababu ya goti. Alipoona sanduku lake tupu, alinifuata hadi mlangoni kwa darasa langu, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili na kusema kwa sauti ya kukwama, "Mwalimu, Mungu akuzidishie. Hukunisahau." Nilidhani anazungumzia zile dakika 25. Nikamjibu kwamba huu ni mwanzo tu, mambo mazuri zaidi yanakuja.

Karatasi ya M.M. karani aliipeleka kwa M.M. mmoja tu anayemjua, kwa kuwa barua zote za ofisi humtaja kwa herufi hizo: Mwalimu Mkuu. Kwa kawaida yeye hufundisha uraia vipindi vinne kwa juma. Siku ile alisoma karatasi yake akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi, kisha, kwa mujibu wa karani, akafungua kabati, akatoa filimbi ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo, na saa mbili kamili alikuwa uwanjani mbele ya darasa la sita mkondo C, akiwa na suti, tai na viatu vile vile.

Mimi nilimwona kupitia dirishani. Nilimwona vizuri kabisa, amenyoosha mikono mabegani, akihesabu "moja, mbili, moja, mbili" mbele ya watoto 40 ambao kwa hofu walikuwa wakipumua kwa kufuata hesabu yake. Niliwaambia wanafunzi wangu waache kuandika, watazame nje, waone kiongozi wa mfano ni mtu wa namna gani.

Dakika zangu 25, kwa upande wao, hazikuishi hata siku moja. Kipindi cha kwanza kiliisha saa 2:40 na cha pili kikaanza saa 2:40 hiyo hiyo, kwa hiyo wanafunzi walitakiwa wawe wanatoka uwanjani na wakati uo huo wawe wamekwisha kuketi maabara, ghorofa ya pili, miguu mikavu. Kwenye ngazi mkondo mmoja uliokuwa ukipanda ulikutana na mikondo miwili iliyokuwa ikishuka, na mwalimu wa jiografia, aliyebeba tufe la dunia, alizungushwa pamoja na dunia yake hadi akajikuta mlango wa jikoni. Siku iliisha saa tisa kasorobo kama zamani. Zile dakika zilirudi zenyewe, moja baada ya nyingine, bila kuitwa na mtu.

Lakini shida hiyo ilikuwa na kelele, na kelele zake zilifunika shida kubwa iliyokuwa kimya uwanjani. Jumanne wazazi waliofika kumwona Mwalimu Mkuu walielekezwa na karani wapite nyuma ya vyoo, wavuke shimo la mchanga wa kurukia, wasubiri filimbi. Barua za kuhamisha wanafunzi zilitiwa saini juu ya godoro la sarakasi. Mzazi mmoja aliyekuja na malalamiko makali kuhusu sare alijikuta ameshika upande mmoja wa kamba, mtoto ameshika upande wa pili, na Mkuu akimwambia kwa heshima zote kwamba atamsikiliza mara tu mkondo B utakapomaliza zamu yake. Walimu tulitazamana kwa mshangao wenye furaha. Tulikubaliana kwamba Mkuu ameanza ukurasa mpya, na mwenzetu wa michezo, aliyekuwa ameketi kivulini goti likiwa limenyooshwa juu ya kiti, alikubaliana nasi kuliko wote.

Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, mlango wa ofisi ya walimu ulifunguka polepole. Mwalimu Mkuu aliingia. Tai ilikuwa mfukoni. Kiatu cha kushoto kilikuwa na jani la nyasi lililoganda kwenye tope, na kwenye goti la suruali palikuwa na duara la kijani, safi, kana kwamba limechorwa kwa bikari. Alijishusha kwenye kiti kwa awamu tatu, akanywa maji glasi mbili, kisha akanigeukia bila hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu.

"Mwalimu," aliniambia, "sheria ni sheria, na mimi ndiye niliyesema. Sikuja kuomba kubadilishiwa kipindi. Nataka kuuliza tu: huu mpango wa mimi kufundisha elimu ya viungo mikondo yote 12 ni wa muhula mmoja, au ni wa mwaka mzima?"

Ofisi ilinyamaza. Nilimtazama Mkuu, nikaitazama karatasi aliyonikabidhi, iliyoloa jasho hata wino ukavuja, nikaona juu yake zile herufi mbili. Kisha, polepole, kama mtu anayemwona nyoka akiwa amekwisha kumkanyaga, niligeuza shingo nikamtazama mwalimu wa michezo. Yeye alikuwa amekwisha kuelewa kabla yangu. Alikuwa akilishusha goti lake kutoka kitini kwa huzuni kubwa.

Nilitoka nje nikampigia mzee. Nilimweleza kwa kirefu, nikizungukazunguka, hadi akanikatiza: "Ile nyota hukuiona?"

"Nyota gani, mzee?"

"Nyota. Pembeni mwa M. Mkuu hana nyota, wa michezo ana nyota."

Nilimwambia kwamba niliona kitu, lakini nilidhani ni nzi. Kwanza simu ilikuwa kimya. Halafu nikasikia kicheko cha mtu ambaye katika miaka tisa tuliyofanya kazi pamoja sikuwahi kumwona akionyesha meno; kilianza chini kama pikipiki inayokataa kuwaka, kikawaka, kikaendelea hadi kikawa kikohozi, nikasikia mke wake akimletea maji na kuuliza nani amekufa. Alipopata pumzi aliniuliza, kwa upole, kama zile dakika tano tano pia nimezifuta.

Nikakiri kwamba nimezifuta.

"Nilijua," akasema, na kicheko kikaanza upya.

Jumatano ile sikulala. Nilizirudisha dakika tano mahali pake, nikamtenganisha M.M. na M.M., nikakuta kwamba sasa maabara ina watu wawili Alhamisi asubuhi, nikaihamisha sayansi ya darasa la saba, ikagonga mwalimu wa shule mbili, nikamhamisha huyo, akamgonga mama mwenye mtoto mchanga, na kufikia alfajiri nilikuwa nimeifungua ile manila sakafuni, nimepiga magoti na penseli mkononi, ninanakili kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Nyota nilizichora kwa kalamu nyekundu, kubwa, kila moja na pembe zake tano, kiasi kwamba hakuna nzi ambaye angeweza kusingiziwa.

Alhamisi asubuhi, nilipokuwa nikibandika ratiba hiyo, Mwalimu Mkuu alikuja akasimama nyuma yangu. Alikuwa na tai na viatu vimekwisha kung'arishwa. Alikohoa, akatazama huku na huku kuhakikisha kwamba hakuna anayesikia, kisha yeye aliyemkataza kila mtu kuomba kubadilishiwa kipindi akaniomba nimbadilishie kimoja. Ijumaa, cha nane, darasa la sita mkondo C. Alisema kwamba siku ya kwanza kengele iliwakatiza mechi watoto wakiwa wanaongoza mabao mawili kwa moja, na golini alikuwa yeye.

Wiki iliyofuata yule mwalimu mpya, kijana makini, aliipitia ratiba yangu mstari kwa mstari, akaja kuninong'oneza kwa adabu kwamba Ijumaa, kipindi cha nane, nimesahau kuweka nyota. Sikumjibu. Ilikuwa saa nane na nusu ya Ijumaa, kwa hiyo nilimshika mkono nikampeleka dirishani.