Spea ya Sikio Haipigwi Nyundo

Mimi kazi yangu ni mabati. Miaka 27 niko Kamukunji nagonga masanduku ya watoto wa fomu wani, majiko, makarai, na kama umewahi kupita pale unajua vile panalia, kila mtu na nyundo yake na hakuna anayengoja mwenzake amalize. Sasa masikio yakaanza kuniaga polepole. Kwanza zilienda zile sauti nyembamba, s na f, Mama Mueni akisema niletee sufuria mimi nasikia niletee Uria, namuuliza huyo Uria si alikufa vitani zamani za Daudi, ananiangalia tu halafu anaenda kuichukua mwenyewe.

Watoto wakachanga wakaninunulia mashine mbili, zile za kukaa nyuma ya sikio, kawaya kembamba kanaingia ndani na mwisho wake kuna spika ndogo kama punje ya mchele, na hiyo spika inavishwa kakofia ka silikoni. Nilishukuru sana, nikawaombea. Lakini hakuna aliyeniambia hiyo ni gari na inataka spea.

Na mimi kwa spea sijawahi kushindwa jameni. Probox ya shemeji yangu imevaa taa ya mbele kutoka gari lingine kabisa, tulitoa Kirinyaga Road, haikuingia, tukaipiga faili huku na waya pale ikaingia na inawaka hadi leo. Hii Nairobi hakuna kitu kinakataa kuingia, ni wewe hujasukuma.

Betri ikaisha Jumamosi. Nikapita River Road kwa fundi wa saa, kijana mzuri, akaitazama akafungua droo akatoa kabetri kameandikwa AG3 akasema mzee hii ndiyo hiyohiyo. Na ukweli usemwe, upana milimita 7.9, kimo 3.6, sawa kabisa na yangu, ikaingia kama ilizaliwa humo. Nilitoka pale nasikia hadi makanga wa ng'ambo ya barabara akigombania chenji. Jioni nimekaa nangoja taarifa ya saa moja, ile muziki ya mwanzo ikaanza, halafu ikakatika, nikadhani ni stima. Kumbe hiyo ni betri ya saa na thamomita, umbo ni moja lakini ndani ni mambo mengine, ni kama pacha wa mtu, sura ileile lakini ukimkopesha pesa harudishi.

Nikampigia kijana wangu aniambie rangi ya pakiti, maana hizi betri za masikio zinajulikana kwa rangi. Akasema rangi, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akapaza sauti mpaka naona simu inatetemeka, lakini sasa nikiwa na sikio la kusikia simu si singekuwa nauliza kuhusu betri. Nikakata. Nikaangalia mashine zenyewe, moja ina alama nyekundu na nyingine buluu. Nikasema ah, si ni hizi rangi, ya nini kusumbua mtoto kazini.

Kwa duka la dawa nikaona pakiti ya buluu. Nikaichukua, hiyo ya kushoto tayari. Nikaomba nyekundu, yule msichana akasema nyekundu hakuna mzee, haijawahi kuwa. Nikaona imeisha tu, hawa watu hawapendi kukubali kitu kimeisha, nikachukua ya rangi ya chungwa maana ndiyo jirani wa nyekundu.

Ile ya buluu kuitia kwa mashine ilikuwa ni kama kumvalisha mtoto wa nasari koti la mwalimu mkuu. Nikaiweka kando. Lakini ile ya chungwa, hiyo ndiyo ilinimaliza, kwa sababu upana ni sawasawa na yangu, ilikaa vizuri kabisa, ni kimo tu kilizidi kidogo, kamlango hakafungi. Kidogo tu bana. Na mtu wa mabati akiona kidogo tu anaona koleo. Nikaisaidia. Ikalia ka! na hiyo sauti niliisikia vizuri bila mashine yoyote, kamlango kakabaki mkononi kama ukucha.

Kliniki yule dada aliniangalia vile mimi huangalia mteja anayeleta karai alilorudishia nyuma gari. Akaniambia polepole nikisoma midomo. Mzee, yako ni 312, ni pakiti ya kahawia. Ya chungwa ni 13, njano ni 10, buluu ni 675. Ile nyekundu na buluu uliona kwa mashine ni ya kuonyesha masikio, nyekundu ni kulia na buluu ni kushoto, haihusiani na betri. Nikamuuliza madam, 312 ni 312 ya nini? Akasema ni jina tu. Sasa sikieni hii, 10 ndiyo ndogo, inafuatwa na 312, halafu ndiyo inakuja 13, halafu 675. Nikimpangia mteja makarai hivyo si nitapigwa? Namba haiendi mbele hairudi nyuma, na rangi ya betri imegongana na rangi ya sikio, halafu mzee akikosea wanasema ni mkaidi.

Kamlango ikabidi kaagizwe, na hako pia ni ka modeli hiyohiyo tu, wiki mbili.

Nikabaki na ya kushoto. Hiyo nilikuwa nimeitia betri ya fundi wa saa nyingine, najua, msinianze. Kakofia kake ka silikoni kalikuwa kamekuwa kagumu, na nilikuwa nimeona mtu anauza vingine kwa bei ya chai na mandazi. Nikanunua, kakaingia, kalikuwa kanacheza kidogo lakini nikasema kitazoea. Usiku kuvua mashine, spika inatoka uchi. Kofia imebaki ndani. Mama Mueni akaleta tochi ya simu, akachungulia, akaniandikia kwa daftari la deni la maziwa: BABA MUENI KUNA KITU HUMO KINANIANGALIA. Nilitaka kutumia kibanio cha nyusi chake akanipiga mkono, na namshukuru, maana yule dada wa kliniki kesho yake alikitoa kwa sekunde lakini kwanza alinionyesha vile ningekisukuma kikalala karibu na ngoma ya sikio.

Akanieleza kila kampuni ina shingo yake ya spika, kofia ya Phonak haishiki kwa Oticon, na hata vile vichujio vidogo vya kuzuia nta visiingie kwa spika navyo ni hivyohivyo, tena kampuni moja inaweza kuwa na aina ya zamani na aina mpya zisizosalimiana. Waya nao una namba ya urefu, una nguvu ya spika, una kushoto na kulia. Kofia zenyewe kuna zenye matundu na zisizo na matundu, ukibadilisha aina tu mashine inaanza kupiga filimbi. Akaniambia kila nikienda dukani nibebe ile ya zamani na kadi yenye modeli. Hilo nililielewa, hata mimi mtu akitaka kifuniko cha sufuria namwambia alete sufuria.

Mwishowe nikapata kahawia halisi, betri 6, kila moja na stika yake mgongoni. Nikatengeneza kakopo ka bati kazuri, nikapaka rangi upande nyekundu upande buluu, na kwa vile napenda kazi safi nikabandua stika zote 6 siku hiyohiyo ili asubuhi nisiwe nahangaika na kucha. Mnajua ile betri inapumua? Ina vitundu, ukitoa stika hewa inaingia ndiyo inaanza kufanya kazi, unaiacha dakika chache ndiyo unaitia, na ikishaanza haizimiki. Zote 6 zilikuwa kazini ndani ya kopo, zinafanyia nani kazi sijui. Nilijaribu kurudisha stika. Nikajaribu na gundi. Moja ingenikalisha wiki hivi, lakini nilikuta zote zimezeeka pamoja kama wazee wa baraza.

Sasa mlango umekuja, betri ninazo, stika natoa moja moja, nasikia hadi mende. Jumapili nikaenda kwa shemeji mwenye Probox, nikakuta watu kama 20 wamekaa na vitabu vya risiti, wakasimama wakapiga makofi. Kumbe ni kamati ya harusi ya mtoto wake. Kumbe zile wiki mbili za kimya alinipigia mara nne, na mimi simu nilikuwa nasema ndio, sawa, haina shida, halafu nacheka kidogo ili mtu asijue sisikii. Ndio ya kwanza ilikuwa ya kuwa mweka hazina. Ya pili ni masufuria 12 makubwa ya upishi, bure. Alipotaka kunitajia ya tatu na ya nne nilimwambia angoje kwanza, nikafungua kamlango, nikatoa betri nikaiweka mezani.