Boma la Arusha: chokaa ukutani, wajenzi kwenye kibao

Majengo ya kale ya Arusha yanaharibiwa zaidi na ukarabati kuliko mvua. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa udongo au chokaa hauna tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi. Maji hupanda kutoka ardhini na kutokea usoni mwa ukuta. Ukipiga plasta ya simenti na rangi ya mafuta juu yake, umeziba njia. Chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na baada ya masika kadhaa plasta inavimba na kubanduka na vipande vya jiwe. Igonge kwa kifundo cha kidole: ikilia kama debe tupu, imeshaachana na ukuta.

Anza kwa kutengeneza gata na bati. Kisha shusha udongo uliorundikana nje hadi uwe chini ya sakafu ya ndani. Simenti ibanduliwe kwa patasi na nyundo ndogo, si grinda, halafu ukuta uachwe ukauke kwa wiki kadhaa. Plasta mpya ni chokaa iliyolowekwa, sehemu 1 kwa sehemu 3 za mchanga mkali uliooshwa, kila tabaka lisizidi milimita 10. Lowanisha ukuta kwanza, na ukimaliza funika kwa magunia mabichi. Chokaa ikipigwa na jua la mchana inapasuka na kugeuka unga, kisha fundi anailaumu chokaa.

Sasa kibao cha maelezo ya historia. Kusema Boma la Arusha, ngome ya kale ya utawala wa Wajerumani, "lilijengwa na Wajerumani" mwaka 1900 hakutoshi. Wajerumani waliamuru, kazi ilifanywa kwa shuruti na Waarusha na Wameru, baada ya vita vya kuwaadhibu vilivyoanza 1896. Tarehe 2 Machi 1900 huko Old Moshi walinyongwa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, na viongozi wenzake, wakiwamo wa Meru na Arusha. Hayo yaandikwe mlangoni, kwa Kiswahili, Kimaa na Kimeru, na wazee wa koo wayapitie kabla hayajachongwa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka wa karne ya 19 uliotajwa humo. Karibu kila jengo tunaloliita la kale mjini ni la baada ya hapo, hivyo linahitaji tangazo la waziri ili lilindwe. Wakati tunasubiri, jiji liweke sharti kwenye kibali cha ukarabati: hakuna simenti juu ya ukuta wa chokaa, na picha za kila upande zipigwe kabla fundi hajapanda jukwaani.