Divisheni ya Tatu Isiyokwenda Kidato cha Tano

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, Moshi nzima, kuanzia Mbuyuni mpaka Majengo, swali ni lile lile: "Kapata ngapi?" Ikiwa divisheni ya tatu, simu zinapigwa hadi Rombo. Ikiwa ya nne, nyumba inanyamaza kama kuna msiba. Kwa maoni yangu, wazazi tunafurahi na kununa kwa kuangalia namba isiyo sahihi.

Hesabu yenyewe si ngumu. A inaanzia alama 75, B 65, C 45, D 30. Chini ya 30 ni F. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, kisha pointi zinajumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne. Zikifika 34 au 35, ni ziro.

Sasa chukua watoto wawili wenye pointi 25. Wa kwanza ana C tatu na D nne: 9 na 16. Wa pili ana A moja ya Kiswahili na D sita: 1 na 24. Wote ni divisheni ya tatu, na sherehe zitafanana. Lakini kidato cha tano cha serikali kinataka krediti tatu, yaani masomo matatu yenye C au zaidi, na masomo ya dini hayahesabiwi humo. Yule wa A moja hana nafasi. Wa seminari wawe macho hapa: C ya somo la dini inapunguza pointi za divisheni, ila haiongezi krediti. Na kuna wa tatu, mwenye C tatu na F nne. Krediti anazo, ila pointi zake 29 zimezidi 25, na hizo zinamkatalia.

Huku chini ndiko maneno yanakopotosha zaidi. Mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, divisheni ya nne. Mwenye D moja tu ana 34, ziro. Lakini "nne" hiyo hiyo inabeba pia mtoto mwenye D saba, pointi 28. Kozi ya utabibu katika vyuo vya afya vya ngazi ya kati inaanzia ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia, Biolojia na Fizikia yakiwemo, na D ni ufaulu. Anayelia nyumbani kwa nne yake huenda ana sifa za kuomba utabibu, wakati jirani mwenye tatu ana F ya Fizikia iliyofichwa na masomo saba bora.

Halafu kuna "kufeli" kwa shule. Shule nyingi binafsi za huku zina wastani wao, 50 au hata 60, na asiyefika anakariri darasa au anatafutiwa shule nyingine. Ni sharti la shule, halitoki Baraza la Mitihani. Mtoto mwenye 48 katika kila somo ana C tupu, pointi 21, divisheni ya pili, na bado nyumbani anaitwa mjinga. Mimi naliona hilo ni dhuluma ndogo inayolipiwa ada.

Kidato cha sita ngazi zinabadilika: A inaanzia 80, C 60, E 40, na 45 iliyokuwa C sasa ni E. E mbili ni ufaulu, ila chuo kikuu kinazihesabu pointi moja moja, na kwa kawaida kinadai nne kutoka masomo mawili.

Matokeo ya Baraza yanaonyesha herufi tu, hivyo D ya 31 na D ya 43 zinaonekana sawa. Kwa hiyo muulize mwalimu wa somo alama za moko, yaani mtihani wa majaribio, mapema, kabla ya Novemba. Mwenye 43 ya Kemia anatafuta alama mbili apate krediti. Mwenye 31 ya Biolojia yuko alama mbili tu juu ya F, naye ndiye wa kupelekwa tuisheni kwanza.