Wanawake 50 wa Ngomeni

Shangazi yangu anaishi Maskati miaka mingi sasa, na kila akija Mombasa ana mambo yake matatu: kaburi la mamake, fundi wake wa nguo Mji wa Kale, na viazi karai. Ngomeni, yaani Ngome ya Yesu, hakuwa ametia mguu tangu usichana wake. Safari hii nikamlipia kiingilio kabla hajatafuta udhuru.

Hakufika mbali. Alisimama langoni, akainua kichwa kulitazama lile jiwe lenye maandishi lililo juu. "Lasemaje?"

Nikamweleza. Ni jiwe la mwaka 1635, na limewekwa kumsifu kapteni wa Kireno aitwaye Francisco de Seixas de Cabreira, mwenye umri wa miaka 27. Linasema aliijenga upya ngome, akawatiisha watu wa pwani waliokuwa wameasi chini ya mfalme wao dhalimu, akaiadhibu Pate na Siyu hata kuwabomolea kuta za miji, kisha akaenda Pemba akawaua wakubwa wa huko kwa uamuzi wake mwenyewe.

"Miaka 27," shangazi akasema. "Na sifa zote hizi kajipa mwenyewe?"

Huyo "mfalme dhalimu" ni Yusuf bin Hassan. Babake, Sultani wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno wenyewe. Mtoto akapelekwa Goa, makao ya Wareno kule India, akabatizwa, akapewa jina la Jerónimo, akalelewa Kireno mpaka wakaona ameiva, wakamrudisha kuja kutawala. Agosti 1631 aliingia ngomeni akamuua kapteni, na Wareno wa mji wakafuata. Kwa hiyo ukipita chini ya lango lile unapita chini ya hasira ya kapteni aliyekuja kuwalipia Wareno hao kisasi. Mimi nimepita hapo tangu nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi na sikuwahi kuuliza limeandikwa nini.

Ndani nilitaka kumwonyesha michoro ya ukutani. Watu wengi huipita haraka wakikimbilia mizinga na sahani za Kichina, na mimi nasema wanakosea. Hii ndiyo sanaa bora kuliko yote iliyomo mle. Askari na mabaharia wa Kireno walichukua makaa na udongo mwekundu wakachora ukutani yaliyokuwa vichwani mwao: majahazi yao yenye matanga mengi, samaki, watu, hata kinyonga. Hakuna aliyewatuma. Mkono si wa fundi, mistari mingine imekwenda upande, lakini ukisimama pale kwa muda unauona upweke wa kijana aliyeletwa mbali na kwao, hajui kama meli ya kumrudisha itakuja. Shangazi alimpenda kinyonga. Alisema huyo ndiye peke yake aliyechorwa na mtu mwenye furaha.

Tulipofika kwenye vitu vilivyotolewa baharini, vya ile Santo António de Tanná, meli ya kivita iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, ikabidi nisimulie habari ya mazingiwa. Hapo shangazi akachangamka, maana kule anakoishi Imamu Seif bin Sultan, mtawala wa Omani wa wakati ule, si mtu mdogo. "Hao wetu," akasema, na kweli majeshi ya Omani yaliizingira Ngome ya Yesu kuanzia Machi 1696 mpaka ilipoanguka tarehe 13 Desemba 1698. Karibu miaka mitatu.

Hivi ndivyo sote tulivyofundishwa, na ndivyo nami nilivyokuwa nikiwasimulia wageni wangu: Mreno ndani, Mwarabu nje, mwisho Mwarabu akashinda. Mswahili yuko wapi? Anatazama dirishani, labda.

Lakini si hivyo. Msaada wa meli ulifika kutoka Goa Desemba 1696, na miezi iliyofuata maradhi yakawapukutisha Wareno mle ndani mmoja baada ya mwingine. Ilipofika katikati ya mwaka 1697 aliyekuwa akiiongoza ngome ni Sheikh Daud wa Faza, mji ulioko kisiwa cha Pate. Alikuwa na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50. Wao ndio waliokuwamo mpaka meli nyingine ilipoleta askari Septemba ya mwaka huo.

Hebu lisome tena. Ngome ya mfalme wa Ureno, yenye jina la Yesu, ilishikwa na Muislamu wa kisiwa cha Pate pamoja na wanawake 50. Na Faza yenyewe Wareno waliichoma mwaka 1587, wakaua watu wake, hata minazi wakaikata! Miaka 110 baadaye mwana wa Faza anawalindia mlango. Kwa nini? Kwa sababu adui wa Faza wa kila siku alikuwa jirani yake, mji wa Pate, na Pate ilikuwa imesimama na Omani. Anayejua ugomvi wa mitaa haoni ajabu.

Sheikh Daud angalau ana jina. Kapteni wa miaka 27 ana jiwe. Yule askari asiyejulikana ana ukuta wake na kinyonga wake. Wale wanawake wana tarakimu mbili, tano na sifuri, na nusu ya sentensi.

Shangazi hakuisikia habari hii kama nilivyoisikia mimi. Yeye amepika katika harusi tangu ujana wake, na anahesabu watu kwa sufuria. Akaanza kujumlisha kwa vidole. "Sheikh mmoja, jamaa zake 17, hao 8, na wanawake 50. Watu 76. Mchele wao ulitoka wapi? Nani alikuwa akiteka maji?" Nikampeleka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa na Wareno. Maji yake yalikuwa ya chumvi, ya kuogea na kufulia. Ya kunywa ni ya mvua. Akachungulia, akasonya. "Na wagonjwa? Nani aliwaosha wagonjwa, nani aliwazika hao Wareno wote?"

Hilo la mazishi halikuwahi kunipitia kichwani, mie ninayejidai kupenda historia.

Najua nitakayojibiwa. Watasema wengi wao pengine walikuwa watumwa, hawakuchagua kuwa mle, tena walikuwa wakimlinda mkoloni, sasa tuwasifu kwa lipi? Sikusema tuwasifu. Kuna ushujaa mwingi wa kubandikwa siku hizi, na sitaki kuwavisha wale wanawake bendera ambayo hawakuijua. Ninachotaka ni waonekane. Mombasa hii hii, kwa masimulizi ya wazee, chimbuko lake ni malkia, Mwana Mkisi, kabla ya Shehe Mvita. Mji unaoanza hadithi yake na mwanamke hauwezi kushindwa kuwatafutia nafasi 50 wengine, ikiwa nafasi imepatikana kwa muuaji wa Pemba, tena juu ya lango.

Basi nataka jiwe. Si langoni, hapo pamekwishajaa majivuno. Liwekwe ndani karibu na kisima, dogo, la Kiswahili, lenye mwaka na idadi. Nilimsomea shangazi maneno niliyoyafikiria tulipotoka nje kukaa na madafu yetu: "Mwaka 1697 ngome hii ilishikwa na watu 76. 50 kati yao walikuwa wanawake."

Akanywa, akafikiri. "Ongeza waliwazika wenye ngome."

"Hilo halikuandikwa popote, shangazi."

"Kwani maiti walijizika?" akasema, akampa muuza madafu dafu lake alipasue, apate kula nyama yake.